Bati la serikali, mawe ya kwetu: tuongee ukweli kuhusu michango ya shule

Seremala wa Kijijini (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi seremala, nipo kijijini mkoa wa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kamati ya shule ya msingi. Shule siitaji, maana mengine nitakayosema yanawagusa watu tunaokaa nao benchi moja kilabuni. Uzi huu umetokana na kikao cha wazazi cha juzi kuhusu michango. Mzazi mmoja alisimama akauliza, "Elimu si bure? Sasa mnatuitia nini?" Watu wakapiga makofi. Mke wangu naye alipiga. Nikarudi nyumbani kimya, nikala kimya, nikasema wacha nije niyamwage hapa. Msimamo wangu ndio huo wa kichwa cha uzi: serikali ilete bati, sisi tusombe mawe.

Wanaopiga makofi siwalaumu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, lakini michango ikabaki: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani, ya ufagio. Ndipo ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima ikaondolewa hadi kidato cha nne. Januari ile naikumbuka. Walikuja watoto wa miaka kumi kuanza darasa la kwanza, wengine wamevaa shati la kaka limefika magotini. Mwalimu mkuu alikuwa anaandikisha chini ya mti kwa sababu ofisi haikutosha foleni. Asiyefurahia siku kama ile ana lake jambo.

Sasa njooni kwenye hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo, 6,000 ndiyo inakuja shuleni, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sisi tuna watoto 412. Zidisha: 2,472,000 kwa mwaka, yaani 206,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'olewa, bati lililopeperuka, mpira wa miguu, wino wa mashine. Na kiwango hicho cha 10,000 ni kilekile cha enzi za MMEM, wakati kilikuwa karibu dola 10. Leo dola 10 imepita 20,000. Chaki nayo haijui kwamba tuliahidiwa bure.

Niwape mfano mmoja ninaoujua kwa mikono yangu, halafu niwaachie uwanja.

Shule yetu ina shamba la paini. Walilipanda wazazi wetu miaka ya tisini mwishoni, sisi tukiwa wanafunzi tunabeba miche kwenye sinia. Mwaka 2019 tulivuna sehemu, tukapasua mbao, tukatengeneza madawati. Mimi nilitengeneza 30, nikalipwa nusu, nusu nikaiacha. Mwaka uliofuata tukaletewa madawati mengine kutoka juu, yaliyotengenezwa na mzabuni. Mazuri kwa macho, yamepakwa vanishi. Ila yaligongwa misumari mitupu, hakuna mbao iliyochomekwa kwenye mwenzake, na baada ya mihula miwili yakaanza kucheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kilichonishangaza siyo ufundi. Dawati la paini likilegea, utamwona baba wa mtoto analileta karakana kwangu kwa baiskeli: "Fundi, hili la kwetu limeachia mguu." Dawati la mzabuni likilegea linatupwa nyuma ya stoo. Yapo pale hadi leo, kuku wanatagia. Watoto ni walewale na wazazi ni walewale.

Karibuni.

Mlipa Kodi

Mleta mada, unaandika vizuri ila mimi hunipati. Nikinunua sabuni nakatwa. Nikituma hela kwa simu nakatwa. Nikiweka mafuta kwenye pikipiki nakatwa. Halafu Jumamosi niamke nikasombe mawe ya shule ya serikali hiyohiyo? Ukimzoesha mtu kumfanyia kazi yake, haifanyi tena.

Na kuna jambo hamlisemi ninyi watu wa nguvu za wananchi. Kijiji chenye wauza mbao na parachichi kitachanga, shule yake itang'aa. Kijiji cha watu wanaokula mlo mmoja kitachanga nini? Mtoto wa maskini anaadhibiwa mara mbili: kwao maskini na shule yao maskini. Kodi ndiyo inaweza kuchukua kwa mwenye parachichi ikampelekea asiye nacho. Mchango hauwezi.

Mbuzi Wangu

Nakazia kwa Mlipa Kodi. Mimi jina langu la humu limetokana na mchango wa maabara. Mnakumbuka agizo la kila sekondari ya kata iwe na maabara, mwisho Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015? Kwetu mgambo walikuja alfajiri. Nilikuwa nimelipa nusu. Wakachukua mbuzi jike, ana mimba. Stakabadhi sikupewa, ya hela wala ya mbuzi.

Maabara yenyewe iliishia kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Sasa hivi ndani yake kumeota mpera, na mapera yake ni matamu kweli. Nikipita huwa nachuma mawili, nahesabu ni riba ya mbuzi wangu.

Usiniambie habari ya kuchangia.

Seremala wa Kijijini

Mbuzi Wangu, nimecheka, kisha nikaona aibu kucheka. Mkuu, pole. Nitakurudia.

Mlipa Kodi, hoja yako ya vijiji maskini imenichoma na sina jibu la kuivunja. Ni kweli. Ndiyo maana sitaki kijiji kilipe mshahara wa mwalimu, wala kinunue bati na saruji peke yake. Huo mzigo ni wa hazina. Ila angalia kinachotokea hata hela ya hazina inapofika.

Mwaka 2021 ulipokuja ule mkopo wa UVIKO kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kila darasa milioni 20, pamoja na viti na meza. Milioni 20 ni ileile, uwe Kisarawe au Ludewa. Kwenye kata mbili za jirani hapa nilifanya kazi ya milango, zote mbili. Kata ya kwanza watu walichimba msingi, wakasomba mawe na mchanga, akina mama wakabeba maji kwa ndoo kutoka mtoni. Darasa likaisha, hela ikabaki, wakaongezea choo cha walimu. Kata ya pili hakuna aliyetokea. Kila jiwe lilikuja kwa lori la kukodi, maji yalinunuliwa kwa pipa, na kwa vile hakuna mwananchi aliyekuwa anapita pale kila siku, mifuko ya saruji nayo ilikuwa inapungua usiku. Walimaliza kwa kukopa mbao kwangu. Mpaka leo wananidai salamu, mimi nawadai hela.

Kwa hiyo mtu anayebeba jiwe faida yake siyo jiwe peke yake. Anayebeba jiwe anajua mifuko ya saruji ilikuwa mingapi jana.

Chaki Nyeupe

Nimefundisha miaka 12, vijijini yote. Naomba niseme upande wa mwalimu.

Kwanza, Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, na ikaelekezwa kwamba mwenye moyo wa kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asiguse hela, wengine walinuna. Mimi nilishukuru Mungu. Kabla ya hapo kazi yangu ya Jumatatu asubuhi ilikuwa kusimama getini kurudisha watoto nyumbani kwa sababu ya shilingi 500 ya ulinzi. Mtoto anakuangalia. Unamfukuza asubuhi, halafu kesho unataka akupende na hesabu zako.

Pili, mnaongelea mchango kama vile ni fedha tu. Nilipangiwa shule yangu ya kwanza nikafika jioni na begi moja na jiko la mafuta ya taa. Nyumba ya mwalimu hakuna. Mwenyekiti wa kitongoji akanipeleka kwa bibi mmoja mjane, chumba cha uani. Asubuhi nikakuta kuni mlangoni na viazi kwenye kikapu. Sikuambiwa nani kaleta. Nilikaa pale miaka mitano. Mwenzangu tuliyemaliza naye chuo alipangiwa wilaya nyingine, akakuta watu wanampangisha banda kwa bei ya mjini kwa sababu ana mshahara wa serikali. Miezi minane akaomba uhamisho kwa sababu za afya. Kijiji kile kikabaki na walimu watatu, kikaenda kulalamika wilayani kwamba serikali haileti walimu.

Serikali ilileta.

Mama Wawili

Mimi nipo Temeke, hadithi za kuni na viazi kwetu hazipo 😂. Darasa la mwanangu watoto wamepita 150, wanakaa kwa zamu, wa asubuhi na wa mchana. Wazazi hatujuani. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, kikao kinaitishwa Jumatano saa nne. Nani ataenda?

Ila tulifanikiwa kwenye uji, na iliendeshwa na sisi wazazi wenyewe. Mama mmoja muuza vitumbua alianza kuandika majina kwenye daftari. Mwenye 300 atoe 300, asiye nayo mtoto anywe hivyohivyo. Siri ilikuwa kikombe: vikombe vyote rangi moja, ili mtoto asiyelipiwa asionekane. Mwanzoni walikuwa na utaratibu wa kadi, watoto wasio na kadi wanasubiri pembeni, na wale wa pembeni wakawa wanatoroka. Vikombe vikawa sawa, utoro ukaisha.

Kwa hiyo Mlipa Kodi, mchango unaweza kumbeba asiye nacho, mradi msimuoneshe kidole.

Seremala wa Kijijini

Mama Wawili, hilo la vikombe nalibeba kama lilivyo.

Kwetu ni makande, na nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo kikao cha juzi kilipovunjikia. Waraka Namba 3 wa 2016 unasema wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Watu wengi wamesikia neno "bure", waraka hawajausoma. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Mtoto akila gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, unapata kilo 23 na ushee za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Kwa mkulima wa huku hayo ni mahindi ambayo panya wanamlia akiwa amelala.

Kabla ya makande, watoto wa kitongoji cha mbali, wale wa kilomita nne na nusu, mapumziko ya saa nne ndiyo ilikuwa safari ya kurudi. Mchana darasa la tatu unakuta viti vya nyuma vyote vitupu, na mwalimu anajua kabisa ni kitongoji gani kimeondoka. Siku sufuria ilipoanza kuchemka, walibaki. Hatukuongeza fimbo wala mahubiri.

Basi kwa nini watu wanapiga makofi kukataa? Mbuzi Wangu, nimekufikia. Kwa sababu mwaka juzi gunia nne za mahindi zilipotea stoo na kamati tulinyamaza. Mimi nikiwemo. Tulijua ni nani, ni mtu wa kwetu, tukasema tutayamaliza kindani. Mwaka uliofuata nusu ya kaya hazikuleta kitu, na sisi tukawa tunawaita wabishi.

Juzi baada ya makofi yale, mweka hazina wetu, mama mmoja mkimya kabisa, alisimama na daftari bila kuitwa. Akaanza kusoma hesabu za mwaka juzi. "Misumari ya nchi nne, kilo mbili. Kufuli la stoo, moja, funguo tatu: mmoja anao mwalimu wa zamu, mmoja mwenyekiti, mmoja mimi. Chumvi, pakiti kumi na mbili. Mahindi yaliyoingia, gunia 61. Yaliyopikwa, gunia 38. Yaliyobaki, gunia 19." Akanyamaza. Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema, "Ndiyo, nne hazipo. Zilichukuliwa, na kamati inajua." Ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia mbuzi nje.

Yule mzazi wa "elimu si bure?" ndiye aliyesema, "Haya, sasa tunaongea." Hakutoa ahadi yoyote. Alikaa chini tu. Lakini kesho yake nilimwona kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, anasoma karatasi ya mapato na matumizi kidole kwa kidole.

Mkaaji wa Kitui

Salamu kutoka Kenya. Sisi tulijenga kwa harambee tangu uhuru, shule nyingi za upili za vijijini zilianza hivyo, hata zikaitwa shule za harambee. Lakini ilifika mahali harambee ikawa jukwaa la mwanasiasa kumwaga pesa, na chifu naye anakamata kuku wa mjane ili lokesheni, yaani eneo lake, isiaibike. Kwa hivyo huyo wa mbuzi, karibu kwetu, tuna wenzako.

Masomo ya msingi bila malipo yalianza Januari 2003, na kiwango kilichopangwa na serikali ni shilingi 1,420 za Kenya kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 22,244 kwa wa sekondari. Shida ni kwamba zinakuja kwa kuchelewa na mwalimu mkuu anakopa mahindi dukani. Mwenye duka ni mzazi, ndiyo maana anakopeshwa. Angekuwa mgeni asingekopeshwa hata kibiriti. Sijui kama huo nao mnauita mchango.

Darasa la 94

Tupo kundi la WhatsApp la wahitimu wa darasa la saba 1994, wengi tuko mijini. Miaka mitatu iliyopita tulipata mori, tukachanga tununue kompyuta kumi tuipelekee shule yetu. Mmoja akasema kabla ya kulipa tumpigie mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alishukuru sana, kwa adabu zote, halafu akauliza, "Zinatumia umeme?"

Shule haikuwa na umeme 😅. Tukamuuliza anataka nini. Akasema choo cha wasichana kina matundu mawili na wasichana wako zaidi ya mia mbili, wakubwa wakiwa kwenye siku zao hawaji. Wanaume watu wazima kwenye kundi wote kimya, hakuna aliyeandika kitu kwa saa nzima. Tukajenga matundu sita na chumba kimoja chenye maji na ndoano ya kutundika nguo. Hakuna aliyepiga picha na mkasi wa utepe.

Funzo nililopata mimi ni dogo: piga simu kwanza.

Mlipa Kodi

Sawa, kwenye chakula na choo mmenisogeza kidogo. Kwenye kujenga madarasa bado nimesimama nilipo. Hazina ijenge.

Seremala wa Kijijini

Mkuu, baki hapohapo, sikuvuti. Ila weka kichwani tarehe moja.

Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka uleule wa 2024 wanafuata utaratibu wa zamani, wanamaliza darasa la saba, mwaka huohuo 2027. Madarasa mawili yanatoka kwa mkupuo mmoja, na Januari 2028 yanagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Sekondari yetu ya kata inapokea mikondo mitatu, yaani vyumba vitatu vya kidato cha kwanza. Itatakiwa kupokea kama sita. Serikali inajua, na inajenga. Lakini mhandisi wa halmashauri ni mmoja na kata ni nyingi. Kata itakayokuwa na msingi uliochimbwa, mawe yamerundikwa na mchanga upo, ndiyo itakayoanziwa. Huo siyo uzalendo, ni foleni.

Kwa hiyo sisi Jumamosi hii tunasomba mawe. Hakuna mgambo. Asiyekuja haandikwi popote. Anayekuja anaandikwa, tripu zake zinasomwa kikao kijacho pamoja na misumari na chumvi.

Mbuzi Wangu, nina swali kwako. Lile boma la mpera, yaani jengo lenu la maabara lililokwama, lenta yake ni ya zege au ya mbao?

Mbuzi Wangu

Ya zege. Nondo zinaonekana upande mmoja, zimeanza kutu. Kwa nini?

Seremala wa Kijijini

Kwa sababu serikali ina fedha za kukamilisha maboma ya wananchi. Kwa boma la darasa halmashauri zimekuwa zikipewa 12,500,000. Maabara hesabu yake ni nyingine, ila njia ni ileile. Andikeni muhtasari wa kikao, upite kamati ya maendeleo ya kata, diwani aubebe hadi kwa mkurugenzi, muombe mhandisi aje kupima kuta kama bado zinafaa. Nondo zilizo wazi zipakwe zege haraka kabla ya masika. Na muhtasari uandike kila kitu kilichotolewa na wananchi wakati ule. Mawe, siku za kazi, fedha.

Mbuzi Wangu

Na mbuzi?

Seremala wa Kijijini

Na mbuzi. Jike mmoja, ana mimba, bila stakabadhi. Aandikwe.

Mbuzi Wangu

Wanangu wawili wapo darasa la nne na la tano. Nitaongea na mwenyekiti. Siahidi kitu.

Ila huo mpera tutauhamisha, hatuukati.